Kifo cha Phillip Hughes na hatari za mpira mgumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha vijana kriketi Dar es Salaam. Kila mwaka anapoingia mtoto mpya, mzazi wake anakuwa ameshasikia habari za "yule Mwaustralia aliyeuawa na mpira", na maswali yanayofuata ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na yale ya vijana wenyewe, maana wao huuliza mengine kabisa.

## Kilichotokea Sydney

Phillip Hughes alikuwa nani?

Alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto kutoka Macksville, mji mdogo wa New South Wales ambako baba yake alikuwa mkulima wa ndizi. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1988. Machi 2009, akiwa na miaka 20 na akicheza mechi yake ya pili tu ya Test (zile za kimataifa za siku tano), alipiga mikimbio (pointi) mia katika zamu zote mbili dhidi ya Afrika Kusini kule Durban. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo akiwa na umri mdogo kuliko ule. Januari 2013 akawa Mwaustralia wa kwanza kupiga mia katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja.

Lakini ukitazama maisha yake ya mpira kwa jumla, yalikuwa ya kuitwa na kuachwa, kuitwa na kuachwa. Alicheza Test 26, na siku aliyoumia alikuwa anatafuta njia ya kurudi timu ya taifa kabla India hawajafika. Kwa hiyo hakuwa akipoteza muda pale kati. Alikuwa kazini.

Siku ile ilikuwaje?

Ilikuwa Jumanne, tarehe 25 Novemba 2014, katika uwanja wa Sydney Cricket Ground. Hughes alikuwa akiichezea South Australia dhidi ya New South Wales, jimbo alikozaliwa, katika mashindano ya majimbo ya Australia, Sheffield Shield. Alikuwa ameshafikisha mikimbio 63.

Saa nane na dakika 23 mchana Sean Abbott wa New South Wales alirusha mpira mfupi, yaani baunsa. Hughes akageuka kuupiga, akawahi mno: gongo lilishapita mpira ulipofika. Ukamgonga shingoni upande wa kushoto, chini ya sikio. Akainama, mikono magotini, kama mtu anayevuta pumzi baada ya mbio, halafu akaanguka kifudifudi bila hata kunyoosha mikono kujikinga.

Alitibiwa palepale uwanjani na kukimbizwa hospitali ya St Vincent's, akafanyiwa upasuaji, ila fahamu hazikurudi. Alifariki Alhamisi, tarehe 27 Novemba, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 26.

Baunsa ni nini?

Si yule wa mlangoni klabu. Ni mpira unaodundishwa karibu na mrushaji ili ukimfikia mpigaji uwe umepanda hadi usawa wa kifua au kichwa. Lengo lake ni kumtisha, kumrudisha nyuma, au kumfanya aupige vibaya hewani udakwe. Ni halali kabisa, ila una kiwango: katika Test haziruhusiwi zaidi ya mbili kwa ova moja (mipira sita ya mrushaji mmoja).

Ili uelewe kwa nini watu wazima wanauogopa, chukua mpira wa kriketi mkononi. Uzito wake ni gramu 156 hadi 163, ndani kizibo na nyuzi zilizokazwa, nje ngozi, na katikati mshono ulioinuka unaoukwangua ukipitisha kucha. Ukirushwa kwa kilomita 140 kwa saa unamfikia mpigaji kwa karibu nusu sekunde. Hapo anatakiwa auone, aamue kama anaupiga au anaukwepa, na mwili nao utii.

Si alivaa helmeti? Sasa alikufaje?

Alivaa, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Helmeti yake ilikuwa ya toleo la zamani kidogo, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba hata mpya kabisa ya wakati ule isingefunika pale alipogongwa. Helmeti za kriketi zilitengenezwa kulinda fuvu na uso. Nyuma, kati ya ukingo wa helmeti na mabega, palikuwa wazi, na mpigaji anapogeuka kuupiga mpira mfupi anapaonyesha mahali hapohapo.

Nini hasa kilimuua?

Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo kupitia ndani ya pingili za shingo, mmoja kila upande. Pigo lilipasua mmoja wapo, damu ikamwagika kuzunguka ubongo. Fuvu halikupasuka.

Daktari wa timu ya Australia, Peter Brukner, alieleza siku ile kwamba vitabu vya tiba vilikuwa na visa kama 100 tu vya jeraha la aina hiyo, na kimoja tu kati ya hivyo kilitokana na mpira wa kriketi. Ndiyo maana watu walioona wenzao wakigongwa kichwani maisha yao yote, wakainuka na kuendelea, hawakuamini walichokiona.

Ambulensi ingewahi, angepona?

Hapana. Simu ya kwanza ilichelewa kwa dakika kadhaa na maelezo yaliyotolewa hayakuonyesha hali ilivyokuwa mbaya, na hilo lilikosolewa. Lakini uchunguzi ulihitimisha kwamba jeraha lile halikuwa la kupona, hata gari lingekuwa limeegeshwa mpakani mwa uwanja. Tena palikuwa na madaktari: mmoja wa timu, na mwingine wa wagonjwa mahututi aliyekuwa amekuja tu kutazama mechi akaruka kusaidia.

Mtu asichukue jibu hili kuwa kisingizio cha kutokuwa na mpango. Majeraha mengi mengine hutegemea dakika hizo. Tazama "Mchezaji akigongwa kichwani au shingoni, tufanye nini?" chini.

## Lawama

Aliyerusha mpira alishtakiwa?

Hapana, na hakukuwa na sababu ya kumshtaki. Abbott alikuwa kijana wa miaka 22 aliyerusha mpira halali ambao kila mrushaji wa kasi huurusha. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfikia Hughes pale chini. Familia ya marehemu na wachezaji wenzake walimkumbatia tangu mwanzo. Wiki chache baadaye alirudi uwanja uleule, akaangusha wiketi sita, yaani akawatoa wapigaji sita, kwa mikimbio 14 dhidi ya Queensland.

Mtu akiniuliza swali hili kwa sauti ya "huyo muuaji", huwa namkatiza. Yule naye aliumia.

Uchunguzi wa mahakama ulisema nini?

Hakimu wa uchunguzi wa vifo wa New South Wales, Michael Barnes, alisikiliza ushahidi Oktoba 2016 na kutoa matokeo Novemba mwaka huohuo. Alisema ilikuwa ajali, na kwamba hakuna mchezaji wala mwamuzi wa kubebeshwa lawama. Ushahidi ulionyesha Hughes alirushiwa mipira mifupi 20 kati ya 23 iliyohesabiwa siku ile, lakini hakimu hakuona kwamba waamuzi walikosea kuiachia.

Kulikuwa pia na mabishano makali kuhusu maneno. Familia iliamini Hughes alitolewa vitisho uwanjani. Wachezaji walikana au walisema hawakumbuki. Hakimu hakusema maneno ndiyo yaliyomuua, ila alishangaa waziwazi kwa nini mchezo mzuri namna hii unahitaji upande mbaya namna ile. Mimi nakubaliana naye. Kwa vijana wangu utani unaruhusiwa, vitisho haviruhusiwi.

Alipendekeza mambo kadhaa: sheria ya urushaji wa hatari ieleweke wazi, waamuzi wafundishwe namna ya kuomba msaada wa daktari haraka, na kinga ya shingo itafutiwe njia ya kuwa ya lazima.

Kwa nini baunsa haikupigwa marufuku?

Kwa siku chache ilijipiga marufuku yenyewe. Habari za kifo zilipofika Sharjah, ambako Pakistan na New Zealand walikuwa katikati ya Test, siku ya pili ya mechi iliahirishwa. Waliporudi, warushaji wa New Zealand hawakurusha baunsa hata moja na hawakushangilia wiketi. Walishinda mechi ile kwa kishindo wakiwa na nyuso za msibani.

Kisha ikaja Adelaide, tarehe 9 Desemba, Australia na India. Mpira wa kwanza kabisa Mitchell Johnson aliomrushia Virat Kohli ulimgonga kwenye helmeti. Kila Mwaustralia aliyekuwa karibu alimkimbilia Kohli kumtazama kama yuko salama, na Johnson mwenyewe alionekana kama anayetaka kulia. Kohli alinyanyua mkono kuwatuliza, akaendelea, akapiga mia.

Baunsa ikarudi hivyo. Wengi wa wachezaji, hata marafiki wa karibu wa Hughes, waliamini kuiondoa kungeua kriketi ya kasi, maana mpigaji angejua kila mpira unakuja chini. Msimamo wangu: kwa watu wazima ibaki, kwa watoto chini ya miaka 13 siiruhusu, na sijali mashindano mengine yanasemaje.

Namba 63 na 408 zina maana gani?

63 ni mikimbio aliyokuwa nayo. Kwenye rekodi imeandikwa kwamba hakutolewa. 408 ni namba yake katika orodha ya wachezaji wa Test wa Australia, nayo ilichorwa kubwa kwenye nyasi za Adelaide. Jezi yake ya mechi za siku moja, namba 64, ilistaafishwa. Na magongo mliyoyaona picha zake, yameegeshwa nje ya milango ya nyumba dunia nzima, yalikuwa salamu za rambirambi kwake.

## Kilichobadilika baadaye

Helmeti za sasa zina tofauti gani?

Mbili. Kwanza, tangu Februari 2017 anayevaa helmeti katika mechi za kimataifa lazima iwe imepita kipimo cha Uingereza cha BS 7928:2013, ambacho kinahakikisha mpira haupenyi kati ya ukingo wa juu na nondo za usoni. Pili, kuna kinga ya shingo: vipande viwili vya sponji ngumu na plastiki vinavyobanwa nyuma ya helmeti, kushoto na kulia, kufunika ile sehemu iliyokuwa wazi. Havina uzito wa maana. Ukivishika kwanza unadhani ni vya kuchezea.

Kama vinalinda, kwa nini wachezaji wakubwa walivikataa?

Mazoea, na pengine ubishi. Mfano ulio wazi ni Steve Smith. Agosti 2019, uwanja wa Lord's, London, mpira wa Jofra Archer wa Uingereza ulimgonga shingoni, karibu na pale alipogongwa Hughes, naye akaanguka. Uwanja mzima ukanyamaza. Smith hakuwa na kinga ya shingo, na baadaye alieleza kwamba akiivaa anajisikia amebanwa kama yuko ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Huyu alikuwa rafiki na mchezaji mwenzake Hughes! Kama yeye alihitaji kulazimishwa, sishangai kijana wa Upanga akiniambia "kocha, inanikera". Mwaka 2023 chama cha kriketi cha Australia kilimaliza mjadala: kuanzia Oktoba mpigaji anayekabili warushaji wa kasi au wa kasi ya wastani lazima avae kinga ya shingo, nyumbani na ugenini. Smith akavaa.

Mchezaji aliyegongwa kichwa anaweza kubadilishwa?

Ndiyo, kama daktari ameona dalili za mtikisiko wa ubongo. Zamani timu ilibaki na watu pungufu, na hilo lilimshawishi majeruhi ajikaze. Kuanzia Agosti 2019 sheria za kimataifa zinaruhusu mwingine aingie na kucheza kikamilifu. Wa kwanza katika Test alikuwa Marnus Labuschagne, na alimbadili nani? Smith huyohuyo, mechi ileile.

## Wengine kabla yake

Hughes ndiye wa kwanza kufa kwa mpira wa kriketi?

La. Juni 1870 George Summers aligongwa kichwani pale Lord's na akafariki siku chache baadaye, akiwa na miaka 25 kama Hughes. Pichi (ule ukanda wa katikati mpira unapodunda) za zama zile zilikuwa na vijiwe, na helmeti hakuna. Aliyeingia baada yake, Richard Daft, alijifunga taulo kichwani. Wengine waliona ni kejeli kwa mrushaji. Mimi nadhani alikuwa mtu mwenye akili.

Kisa ninachowasimulia vijana zaidi ni cha Raman Lamba, mchezaji wa zamani wa India. Februari 1998 alikuwa akicheza Dhaka, akaitwa asimame karibu kabisa na mpigaji. Nahodha alimuuliza kuhusu helmeti. Ova ilikuwa imebakiza mipira mitatu tu, akaona haina haja. Mpira ulipigwa ukamgonga kichwani, na alifariki siku tatu baadaye.

Ni lazima mpira ugonge kichwa?

Hapana. Pigo la kifuani likitua juu ya moyo katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kati ya pigo la moyo na jingine, linaweza kuuvuruga moyo hata kama mbavu hazikuvunjika. Mwaka 1959 kule Karachi kijana aitwaye Abdul Aziz aligongwa kifuani na mrushaji asiye wa kasi, akaanguka alipokuwa akijiandaa kwa mpira uliofuata, akafa. Kwa hiyo "huyu anarusha taratibu" si kinga.

Mbona wengi wanaoanguka uwanjani hawajagongwa na kitu?

Kwa sababu katika michezo kwa jumla, moyo ndio wenye visa vingi vya ghafla kuliko majeraha. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 bila mtu kumgusa. Kwetu, Desemba 2016, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka na kufariki katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, muda mfupi baada ya kufunga bao.

Upande wa pili kuna Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London Machi 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na yu hai leo, kwa sababu watu hawakuacha kumkandamiza kifua tangu mwanzo.

## Kwenye viwanja vyetu

Huku hakuna warushaji wa kilomita 140. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu pichi yetu ni mbaya kuliko yao. Kwenye zulia lililotandikwa juu ya saruji mpira hudunda juu zaidi, na ukikuta mkunjo unaruka usikotarajia. Halafu wapigaji wetu hawajafundishwa kukwepa. Mtoto huyafumba macho na kugeuza kisogo, na kwa kufanya hivyo anaupa mpira shingo.

Wanaocheza mtaani na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme wana hatari ndogo zaidi. Macho ndiyo wayaangalie.

Helmeti ya bodaboda inafaa?

Haifai. Haina nondo za usoni, na kioo chake kikipigwa na mpira kinageuka vipande karibu na jicho. Klabu ikiwa na helmeti mbili za kriketi, wapigaji wawili walioko kati wanatosha, wabadilishane wanapotoka. Iliyowahi kupigwa kwa nguvu au kupasuka, hata ufa mdogo, itupwe. Msiigawe kwa watoto.

Mchezaji akigongwa kichwani au shingoni, tufanye nini?

Mechi isimame. Msimwinue, msimketishe, na ile desturi yetu ya kumwagia maji usoni iachwe. Kichwa na shingo vibaki vilivyo. Mtu mmoja apige simu au alete gari mara moja, na mmoja huyo ajulikane kabla ya mechi. Nilishaona watu kumi wakisimama duara, kila mmoja akidhani mwenzake ameshapiga simu.

Kama hapumui, au anahema kwa kukoroma na haitiki, shingo sasa si jambo la kwanza tena. Mlazeni chali kwa uangalifu, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kusita hadi msaada ufike. Kama pana mashine ya kushtua moyo, iletwe. Inaongea yenyewe na kukuelekeza.

Ameinuka na anasema yuko sawa. Aendelee?

Hapana, siku hiyo hachezi tena. Dalili zinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akichanganya maneno, akisinzia isivyo kawaida, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au majimaji yakitoka sikioni au puani, ni hospitali usiku huohuo. Asiachwe alale peke yake.

Mwaka juzi kijana wangu mmoja aligongwa juu ya sikio, akacheka, akaomba gongo lake. Nikamuuliza tunacheza na nani. Akataja timu ya wiki iliyopita.

Waamuzi je?

Wako hatarini kweli, maana husimama mbele ya mpigaji bila kinga. Siku mbili baada ya kifo cha Hughes, mwamuzi kule Israel, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa, alifariki baada ya kugongwa na mpira uliopigwa. Mwaustralia Bruce Oxenford alianza kusimama na ngao ya plastiki mkononi, na watu walimcheka. Kwetu, mwamuzi akiomba helmeti apewe, na arudi nyuma hatua mbili.

Kwenye neti, mazoezini tu, lazima kuvaa vyote?

Lazima, na huenda kuliko kwenye mechi. Neti, yaani uzio wa wavu wa mazoezi, ina mipira mitatu au minne inayozunguka kwa wakati mmoja, warushaji wanapokezana haraka, na hakuna mwamuzi. Oktoba 2025 kijana wa miaka 17 kule Melbourne aligongwa shingoni akiwa kwenye neti, akijipasha kabla ya mechi. Mpira ulitoka kwenye kile kifimbo cha plastiki makocha wanachotumia kurushia. Alikuwa na helmeti. Kinga ya shingo hakuwa nayo. Kwetu kifimbo hicho anakishika kocha peke yake, na harushi mpaka mpigaji ageuke kwanza amwonyeshe kisogo, aone kinga ya shingo ipo.